Leseni, Sanamu na Magoti Yangu

Nimestaafu na leseni yangu ingali hai. Hilo naliweka mbele ya yote, kwa sababu wapo wenzangu waliostaafu zao zikiwa zimekufa zamani, wakamalizia miaka yao ya mwisho kuita majina ya wagonjwa mlangoni. Mimi siku yangu ya mwisho nilishona kidole cha fundi wa mashine, nikavua glavu, nikanawa, ndipo nikaenda kuagwa. Nyuzi zile zilitolewa na mwenzangu baada ya mimi kuondoka, na nimeambiwa kovu halionekani. Sikushangaa.

Nyinyi vijana mlioingia karibuni katika zahanati za viwandani mnapenda kuniuliza habari za vyeo. Hizo kawaulizeni waliovipata. Mimi nitakuelezeni kazi yenyewe, na hasa ule mwaka nilipokaribia kuipoteza, maana nawasikia mkiyalalamikia masomo ya kujiendeleza kila leseni inapotaka kuhuishwa, kana kwamba ni ushuru wa barabarani. Mimi yaliniondolea usingizi. Mpaka leo nikipita Qurum, hapa Maskati, karibu na hoteli tuliyofanyiwa mtihani, huongeza mwendo wa gari, na mimi si mtu wa kukimbiza gari ovyo.

Nilizaliwa Wete, Pemba, na diploma yangu ya udaktari msaidizi niliipata kwa kichwa changu. Sikuwa na mjomba wizarani wala mtu wa kunipigia simu. Darasani tulianza wengi tukamaliza wachache, na mimi nilikuwa miongoni mwa wale wachache tulioitwa mbele. Kisha nikaja Oman, nchi ya babu zangu. Tukiitwa watu waliorudi, ingawa wengi wetu tulikuwa hatujawahi kufika. Nilishuka na diploma ndani ya bahasha na Kiarabu cha msikitini, kile ambacho unaweza kumwombea maiti lakini huwezi kuulizia njia.

Kila ofisi niliyokwenda waliniuliza: daktari msaidizi ndiyo nini? Nikawaeleza mpaka nikachoka. Si daktari na si muuguzi. Humpima mgonjwa, huandika dawa za maradhi yanayojulikana, hushona, hufunga mfupa, na linalomshinda humpelekea daktari aliye juu yake. Uzuri wa kazi hii ni kujua mahali pa kuishia. Ubaya wake ni huohuo. Mwisho walinifanyisha mtihani, nikapita, nikapewa leseni, na katikati ya miaka ya themanini nikapelekwa Rusayl, zahanati ya kiwanda cha mabomba ya plastiki.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kiangazi. Nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi hata likasimama lenyewe. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, kabati la dawa na kipimo cha presha cha zebaki ndani ya sanduku la chuma, ambacho baadaye nilikataa kukitoa walipotuletea vile vya betri. Kabla sijakaa waliingia wafanyakazi wawili wamembeba mwenzao kutoka mashine za kuyeyushia. Anaongea maneno yasiyo na kichwa, macho yamezunguka. Nikashika kipimo cha kusikilizia moyo, nikainama kifundi kabisa.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Mkono wako uko wapi?"

Alikuwa Daktari Bashir, Msudani mrefu, mpole wa sauti, ndiye aliyekuwa daktari wangu wa juu na alikuwa akizunguka zahanati za viwanda vyote vya pale. Akauchukua mkono wangu akautia kwapani mwa yule mgonjwa. Pakavu kama karatasi, na pana moto.

"Umeona? Huyu hatoki jasho. Sasa kipimo weka chini. Maji kwanza, elimu baadaye."

Tulimlaza juu ya barafu ya kantini, barafu iliyokuwa ya kupozea soda za watu, na tukampepea kwa vifuniko vya maboksi mpaka gari la hospitali lilipofika. Aliishi. Waliolalamika ni waliokunywa soda moto. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wa kiangazi niliyeletewa nilianza kwapani, na nyinyi nawaambia mwanze hapohapo, hata kama koti lenu lina pasi.

Bashir alinifundisha kumtazama mtu anavyoingia mlangoni kabla hajasema linalomuuma. Yuko mfanyakazi mmoja aliyekuja akisema ana gesi tu, anataka vidonge vya gesi arudi kazini. Lakini aliingia akiwa ameshika ukingo wa mlango, na rangi yake ilikuwa ya majivu. Sikumpa vidonge. Nilimlaza, nikamtia asprini mdomoni, nikampigia simu dereva, na hospitali walisema moyo wake ulikuwa ukielekea kusimama. Bashir aliposikia alisema, "Vizuri." Kwa Bashir neno hilo lilikuwa kama mtu mwengine kuchinja ng'ombe.

Alirudi kwao kabla ya miaka ya tisini kwisha, na mimi nikabaki mkubwa wa chumba kile, daktari mwengine akiwa juu yangu kwa simu. Nikaletewa muuguzi kutoka Kenya, Sista Mutheu, Mkamba wa Machakos, Mkristo wa kwenda kanisani kila Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Mwanamke wa maneno machache asubuhi na mengi mchana. Yeye akiniita Daktari mbele ya wagonjwa na Mzee tukiwa wawili. Tulifanya kazi vizuri. Wakaguzi walikuwa wakileta watu wa viwanda vyengine kuja kutazama kabati letu linavyopangwa, na mpango ule ulikuwa wangu.

Zama hizo ndipo ilipoingia sheria ya masomo ya kujiendeleza. Leseni haihuishwi mpaka uonyeshe umehudhuria saa kadhaa za mihadhara, na juu ya hizo saa uwe na cheti hai cha kufufua mtu aliyesimama moyo. Cheti hicho kikifa, saa zako zote hazihesabiwi. Wenzangu walinuna. Mimi nilifurahi. Alkhamisi za mihadhara katika hoteli za Qurum nilikaa safu ya mbele, niliuliza maswali, na mara nyingine niliyajibu kabla ya mhadhiri. Kulikuwa na halwa na kahawa. Pale Rusayl mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wafanyakazi huduma ya kwanza, zamu baada ya zamu, na wasimamizi wao walipata vyeti vyenye saini yangu.

Sasa nitakuelezeni ada moja ya kwetu, maana wageni hawaijui. Katika masomo ya kufufua, baada ya maneno, kila mtu hupiga magoti mbele ya sanamu la plastiki lililolala sakafuni na kulisukuma kifua huku mwalimu akitazama. Walimu walikuwa vijana wetu, watoto wa watu wa Unguja na Pemba waliokulia Maskati. Zamu yangu ikifika kijana husema, "Ami, wewe kaa. Wewe utatufundisha sisi." Nami hukaa na kikombe changu, naye hutia saini. Hakuna aliyeona ajabu. Kumpigisha magoti mtu mzima mbele ya wanawake na vijana, alisukume sanamu na kulipulizia mdomoni, kwetu ilikuwa ni kumvunjia heshima. Nilikaa hivyo mara baada ya mara. Niliona ni haki yangu, na walionipa waliona hivyo hivyo.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mutheu alikuwa akipanga bandeji.

"Mzee, leseni yako inaisha wakati wa Ramadhani."

"Najua. Saa zangu zimetimia. Zimezidi."

"Cheti cha kufufua je?"

"Hicho cha siku moja. Nitakwenda."

"Umejisajili ama unaongea tu? Hapa kwa tangazo wamesema Ramadhani hakuna masomo. Ziko Alkhamisi mbili pekee zimebaki." Akaacha bandeji. "Unajua wewe ukifungiwa, hiki chumba kinafungwa. Mimi siwezi kukaa hapa bila mtu wa leseni juu yangu. Kampuni itatundika kisanduku cha dawa ukutani, waweke dereva, wamalize. Na mimi visa yangu ni ya hiki chumba. Nitarudi Machakos na masanduku."

"Hakuna atakayerudi Machakos."

"Sawa. Lakini jisajili."

Nilijisajili siku hiyo hiyo, kwa utulivu kabisa. Utulivu ule ulidumu mpaka Alkhamisi.

Katika ukumbi wa hoteli nilimkuta mwalimu mpya, Zuwena binti Khalfan. Mamake, Bi Thuwaiba, alikuwa jirani yetu tulipokuwa tukiishi Wadi Kabir, miaka yetu ya mwanzo, nyumba zetu zikiwa zimepakana ukuta na gereji pande zote. Sikio la mtoto huyu nililitibu mimi. Jipu lake nililipasua mimi, naye aliniuma mkono. Sasa alikuwa daktari wa wagonjwa mahututi, amesoma nje, amevaa hijabu ya kijivu na viatu vya mpira. Nikafurahi kumwona. Nikajichagulia kiti karibu na birika.

Alieleza yaliyobadilika. Nilisikia nusu, maana nilikuwa nikimweleza jirani yangu wa kiti namna tulivyokuwa tukifanya sisi. Kisha wakaanza kwenda mmoja mmoja kwenye sanamu.

"Ami Salim, zamu yako."

"Mimi nipo hapa, mwanangu. Endelea na wenzako."

"Wenzangu wameshakwenda. Zamu yako."

"Mimi huwa nakaa."

"Leo hakuna anayekaa, Ami."

Aliyasema bila kupandisha sauti, na viti vya ukumbini vikaanza kugeuzwa kwa namna vinavyogeuzwa pale watu wanapoanza kufurahi. Nikaweka kikombe chini. Nikapiga magoti. Kulikuwa na wauguzi wa Kihindi, vijana wawili wa Kiomani wa gari la wagonjwa, na daktari mmoja Mmisri aliyejifanya anatazama simu yake. Nikaweka mikono kifuani mwa sanamu nikasukuma kama nilivyofundishwa chuoni na kama nilivyofundisha kiwanda kizima: kumi na tano, kisha pumzi mbili.

"Umesimama mapema, Ami."

"Sikusimama mapema. Ndivyo inavyofanywa."

"Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa. Sasa ni thelathini kwa mbili, na unasukuma kwa nguvu zaidi na haraka zaidi. Nimesema asubuhi. Rudia."

Nikarudia. Ndani ya sanamu lile mna kidude kinachotoa mlio mdogo kila unapofikisha kina kinachotakiwa. Kwa yule muuguzi wa Kihindi kililia kila mara. Kwangu kilikuwa kimya. Nilijua idadi sasa, nilijiambia thelathini, thelathini, lakini mikono ilipofika kumi na tano ilisimama yenyewe kama punda aliyefika nyumbani. Nikarudia tena. Ikasimama tena.

"Basi, Ami. Inuka."

"Nimepita?"

"Hujapita. Njoo Alkhamisi ijayo, ndiyo ya mwisho."

Nilirudi nyumbani Al-Khoudh mikono ikiwa juu ya usukani na sikumbuki taa hata moja ya njiani. Nilichokuwa nikikiona ni kile kisanduku cha dawa ukutani. Miaka yote ile, vidole vyote vile vilivyoshonwa, na mahali pangu patajazwa na sanduku lenye bandeji na iodini. Na Mutheu na masanduku yake. Na kitu kimoja zaidi ambacho sikukisema kwa mtu: kwamba Rusayl nzima ilikuwa ikisukuma kumi na tano kwa sababu yangu.

Mke wangu Asya alinitazama nilivyovua viatu akajua.

"Umefeli?"

"Nimetakiwa nirudi."

"Na nani?"

"Zuwena wa Thuwaiba."

Asya akacheka mpaka akakaa. "Yule uliyempasua jipu?" Kisha akaona uso wangu akaacha. "Basi shughuli gani? Nampigia mamake simu. Kesho kutwa tunakaa pamoja kwenye hitima. Nitamwambia, Thuwaiba, mwambie mtoto amsaidie amiye. Kwisha maneno."

Hii ndiyo tunayoiita wasta. Mtu anamjua mtu anayemjua mtu. Nchi ile nusu ya milango yake hufunguliwa hivyo, na simlaumu anayefungua. Nami siku ile nilikuwa na hofu ya kutosha kupita mlango wowote. Lakini diploma yangu haikupigiwa simu. Leseni yangu ya kwanza haikupigiwa simu. Nilipotazama maisha yangu yote, lililokuwa langu hasa ni hilo: kwamba hakuna mtu anayeweza kuinua mkono akasema, huyu nilimsaidia mimi.

"Usimpigie," nikamwambia.

"Salim, kiburi hakina leseni."

"Usimpigie."

Hakupiga. Lakini habari za watu wetu hazingoji kupigiwa. Asubuhi yake Bi Thuwaiba mwenyewe alinipigia.

"Salim, mimi nna haya hata ya kukusemesha. Nimesikia alivyokufanya yule mtoto. Kusoma kwingi kumemwondolea adabu. Ngoja atoke kazini, nitamkalisha kitako."

"Thuwaiba, tafadhali usimwambie kitu."

"Nisimwambie? Wewe si ndiye uliyemponya sikio?"

"Ukimwambia, mimi Alkhamisi siendi."

"Na usipokwenda?"

"Basi leseni itakufa, nami nitakaa nyumbani."

Akaguna. "Nyinyi wanaume wa Wete," akasema, "mtakufa na shingo zenu zimesimama." Akakata. Na mimi nikabaki sijui kama atamwambia au hatamwambia, na hilo lilinitia wasiwasi mpya juu ya ule wa kwanza. Nikifeli, nimefungiwa. Nikipita, nitajuaje kama nimepita mimi au limepita sikio la Zuwena?

Mutheu hakunicheka. Alisema tu, "Tunahitaji kitu cha kusukuma." Mto wa kitanda haukufaa, unazama haurudi. Godoro vivyo hivyo. Nikaenda Wadi Kabir, kwenye gereji za washonaji viti vya magari ninaowajua tangu zamani, nikaminyaminya viti vyote vilivyokuwa nje. Fundi Mpakistani alinifuata kwa nyuma.

"Gari gani, baba?"

"Si cha gari. Cha mgonjwa."

Alinipa kiti cha zamani chenye springi nzito, akanitazama kwa huruma nikikibeba. Vijana, kama hamna sanamu, tafuteni kiti cha namna hiyo. Kinarudi juu kama kifua cha mtu mzima na kinakulazimisha utumie uzito wa mabega badala ya viganja. Nimekitumia miaka mingi baadaye na sijaona cha kukishinda.

Kila tulipokosa mgonjwa tulikiweka chini chumba cha nyuma, mimi nikapiga magoti, Mutheu akasimama juu yangu mikono kiunoni.

"Mzee, unambembeleza huyo mtu. Sukuma."

"Nasukuma."

"Unapapasa. Amekufa huyo, hawezi kuumia."

Nguvu nilizipata. Kasi nikaipata. Lakini kumi na tano haikunitoka. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, na nikifika kumi na tano mikono inakatika, kila siku, hata nikijitukana. Siku iliyobaki moja kabla ya mtihani nilikaa juu ya kile kiti cha gari nikamwambia Mutheu aanze kuuliza nauli za ndege.

Aliitazama mikono yangu. Alikuwa akifikiri.

"Ulifundishwa hii kitu na lugha gani?"

"Kiswahili. Mwalimu wetu chuoni alikuwa akituimbisha hesabu."

"Basi hiyo mikono inajua Kiswahili. Jaribu na lugha haijui. Hesabu Kikamba."

"Kikamba sijui."

"Kiarabu basi. Unaongea Kiarabu na wagonjwa siku mzima."

Nikashuka nikapiga magoti. Wahid, ithnen, thalatha. Nikaenda. Khamsta'ash, kumi na tano yao, ikapita na mikono haikusema kitu, maana kwa Kiarabu haikuwa na kumbukumbu ya mahali pa kusimama. Nikafika thalathin, nikapuliza, nikaanza tena. Mutheu hakusifu. Alisema, "Endelea, mgonjwa bado amekufa." Nasema wazi kwamba wazo lilikuwa lake. Kulitekeleza kulikuwa kwangu, na si watu wengi wa umri ule wangeweza kuibadilisha mikono yao lugha kwa siku moja.

Alkhamisi ya mwisho nilifika kabla ya wahudumu kupanga viti. Sikwenda kwenye birika. Zuwena aliingia, akatusalimu sote kwa pamoja, na nikamchungulia usoni nione kama mamake amesema. Hakuna kilichosomeka. Uso wa daktari wa mahututi ni mlango uliofungwa, nao hujifunza hivyo kwa sababu njema.

Aliniita wa kwanza.

Nilipiga magoti. Nikapanga viganja katikati ya kifua. Nikaanza kuhesabu kwa Kiarabu, kwa sauti, na nikaona viatu vyake vya mpira vikisogea karibu. Tangu alipokuwa mdogo sikuwahi kumsemesha mtoto yule ila kwa Kiswahili. Hakuuliza. Kidude cha ndani kikalia. Kikalia tena. Khamsta'ash ikapita, na nilikaribia kulia mimi badala ya kidude. Thalathin, pumzi mbili, kifua cha sanamu kikapanda. Nikarudia. Wenzangu wote wa Alkhamisi iliyopita aliwasimamisha baada ya mizunguko michache, nikasubiri aniambie basi.

"Endelea."

Nikaendelea. Jasho likaingia machoni. Goti la kushoto likaanza kuwaka. Kidude kikakosa mara moja, nikasikia ukimya wake kama mtu aliyekosa hatua, nikatia mabega.

"Endelea."

Hapo ndipo nilipojua. Mtu aliyeagizwa na mamake anihurumie hangesema neno lile mara ya pili. Nikasukuma sasa bila hofu, kilichonisumbua kikiwa magoti tu.

"Inatosha," akasema. Akaandika. "Umepita, Ami. Uzito wako unaegemea kushoto, utachoka haraka ukiwa na mgonjwa wa kweli. Rekebisha." Kisha akageuka. "Anayefuata."

Niliinuka kwa kushika kiti. Leseni ilihuishwa siku chache kabla ya kwisha, Ramadhani ikiwa imeshaingia. Mutheu alipoiona alisema, "Haya," akarudi kwenye bandeji zake, na nikamwona akifuta macho kwa moja iliyokuwa safi, jambo ambalo nilimkataza siku zote.

Baada ya Idi nikaanza upya kazi ya Rusayl. Niliita zamu zote, nikawaambia yale ya kumi na tano tuyaache, sasa ni haya. Wafanyakazi hawakuwa na neno. Mtu anayefanya kazi na mashine amezoea kubadilishiwa. Waliokuwa na neno ni wasimamizi, na mkubwa wao alikuwa Nassor.

Nassor alikuwa Mngazija wa Unguja, rafiki yangu, tukila pamoja mchana kila siku kwenye meza ya pembeni ya kantini. Mtu wa heshima, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haijawahi kukaa upande. Msimamizi wa zamu hawezi kuongoza zamu bila cheti cha huduma ya kwanza, na chake kilikuwa kinakaribia kwisha. Siku ya zamu yao alikuja akakaa nyuma, akanywa chai, akanitazama ninavyowapigisha watu magoti juu ya kiti cha gari. Watu walipotoka akanisogezea cheti.

"Tia saini, yakhe. Joto."

"Hujasukuma."

"Mimi?" Akatabasamu. "Salim, mimi unanijua."

"Wewe nakujua. Mikono yako siijui."

"Umenitilia saini miaka yote hii."

"Leo sitii."

Alifikiri natania. Alipoona sitanii alikichukua cheti chake, akakikunja mara mbili, akatoka. Mchana wake alikaa meza ya wahasibu. Na siku iliyofuata, na nyingine. Mimi nikala peke yangu pembeni, na nitasema kweli, hofu ya kumpoteza rafiki ilikuwa mbaya kuliko ya leseni. Leseni ikifa unaweza kuomba nyingine. Na kila siku mwisho wa cheti cha Nassor ulizidi kusogea, na nilijua kikifika mwisho atateremshwa zamu mbele ya watu wake, na atasema ni mimi, naye atakuwa anasema kweli. Mutheu akaniuliza kama haitoshi nimwonyeshe tu kwa maneno. Nikamwambia mgonjwa haponi kwa maneno. Akasema mimi nimekuwa kama Zuwena. Sikujua kama ni sifa au lawama, nikaichukua kama sifa.

Adhuhuri moja, kantini imejaa na zahanati haina mtu, nikasikia mlango. Nassor alisimama kizingitini, akatazama kitanda, akatazama kabati, akatazama nyuma ya pazia.

"Yule Mkamba wako yuko wapi?"

"Amekwenda kula."

"Atarudi saa hizi?"

"Yeye hali haraka."

Akaingia. Akavua kofia, akaitazama kama anaiaga, akaiweka juu ya meza yangu karibu na kile kipimo cha zebaki.

"Basi funga mlango kwanza," akasema, na akaanza kutafuta sakafuni mahali pa kuweka magoti.